Winchi Isiyochoka na Hadithi Nyingine za Gereji

Babati ni mji wa njia panda. Barabara inayotoka Arusha ikifika hapa inagawanyika: mkono mmoja unapita Bonga na Bereko kwenda Kondoa na Dodoma, mwingine unashika Dareda na Katesh kwenda Singida. Zote ni lami, na tangu ile ya Dodoma ilipozinduliwa Aprili 2018 wapo wanaosema zama za kukwama zimepita. Wakamwambie hayo dereva anayekwenda Vilima Vitatu mwezi wa nne, au anayepeleka mbolea bonde la Kiru, au anayekata kutoka Galapo kuelekea Simanjiro mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Pembeni ya lami kuna udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Masika unajaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linabaki duara tupu lisiloshika kitu. Hapo hata foo-wili haikusaidii. Inakuzamisha kwa magurudumu manne badala ya mawili.

Ndiyo maana gereji za mji huu hazikosi mjadala wa winchi. Mwenye Land Cruiser anauliza afunge ipi, ya umeme au ya haidroliki, na kabla fundi hajanyanyua kichwa ameshapewa majibu na watu watano, wawili kati yao hawajawahi kumiliki gari. Majibu hayo yamezunguka mno hadi yamekuwa kama sheria. Nimechukua yale yanayorudiwa sana niyajibu moja moja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa gari la kawaida la Babati, winchi ya umeme ndiyo ya kununua. Ila sababu zinazotolewa na mashabiki wake ni dhaifu karibu sawa na za wapinzani wao, na haidroliki ina mahali pake, japo si pale inapofungwa.

"Haidroliki ina nguvu kuliko umeme."

Asili ya dai hili ni macho. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaikumba Katesh na vijiji vya jirani, vikaua zaidi ya watu 80. Ekskaveta na makatapila ndiyo yaliyotegemewa kufukua na kufungua njia, na kila aliyesimama pale aliona kinachoweza kufanywa na oili iliyobanwa ndani ya bomba. Mtu huyohuyo akirudi Babati akasikia neno haidroliki likitajwa kwenye winchi, akilini anaona mkono wa ekskaveta umefungwa kwenye bampa lake.

Tupige hesabu. Ekskaveta ya tani 20 ina pampu zinazosukuma zaidi ya lita 400 za oili kwa dakika, kwa presha inayofika PSI 5,000, na injini yake kubwa kazi yake hasa ni kuzizungusha pampu hizo. Winchi ya haidroliki ya gari dogo kwa kawaida haina pampu yake. Inaazima ile ya stelingi. Pampu ya stelingi inatoa kama lita 10 kwa dakika, kwa presha ya PSI 1,500 ikijitahidi sana. Ukizigeuza namba hizo kuwa nguvu unapata wati 1,700 hivi, na hizo ni kabla hujatoa zinazopotea njiani kwenye mipira, vali na gia.

Sasa winchi ya umeme ya ratili 9,500, saizi inayofungwa sana. Ikivuta mzigo wake kamili kwenye gari la volti 12 inakunywa ampea 400 hivi, na betri imeshuka hadi volti 11. Zidisha: wati 4,400. Kwa hiyo kinachoingia kwenye winchi ya umeme ni zaidi ya mara mbili ya kile kinachoingia kwenye haidroliki ya stelingi.

Mshabiki wa umeme asishangilie bado. Kwa mzigo kamili winchi hiyo inatembea mita moja na kitu kwa dakika, na kuvuta tani nne na ushei kwa mwendo huo ni kazi ya wati 800 tu. Zaidi ya wati 3,000 zimekuwa joto, sawa na kuwasha majiko mawili ya umeme ndani ya kopo la chuma lililofungwa. Haidroliki inapoteza kidogo zaidi ya nusu ya ile ndogo iliyopewa, na mwisho wa yote, mzigo ukiwa mkubwa kabisa, zinakwenda kwa mwendo unaokaribiana.

Nguvu ya kuvuta inaamuliwa na gia na ngoma. Kiwanda kinaweza kutengeneza ya ratili 9,500 kwa umeme au kwa oili, na zote zitavuta ratili 9,500. Tofauti iko kwenye tabia. Mota ya umeme inakimbia mzigo ukiwa mwepesi na kupungua ukiwa mzito. Ya oili ina mwendo mmoja karibu muda wote, kwa kuwa pampu inaleta oili ileile. Utulivu huo ni sifa. Gari likiwa limening'inia ukingoni mwa korongo, na kila mtu amebana pumzi akiomba lisishtuke, mimi ningechagua haidroliki bila kufikiri mara mbili. Ni tukio la nadra, lakini wanaofanya kazi ya kuokoa magari wanalijua.

"Winchi ya umeme inaua betri."

Dai hili lina ukweli ndani yake, kwa hiyo lijibiwe kwa namba. Chukua betri ya N70, ambayo huikosi kwenye duka la spea. Kwenye karatasi ina ampea-saa 70. Winchi ikivuta kwa ampea 400 dakika mbili mfululizo imekula ampea-saa 13. Altaneta ya ampea 80, katika dakika hizohizo, imerudisha chini ya 3. Betri imetoa zaidi ya 10. Na betri inayokamuliwa kwa kasi hiyo haitoi zote 70, kwa hiyo hesabu nusu. Mivuto mitatu ya namna hiyo bila kupumzika, na una gari lililokwama ambalo sasa haliwaki.

Hesabu hiyo hata hivyo ni ya mtu anayevuta kwa mzigo kamili dakika mbili nzima, na hilo ni jambo la nadra kuliko tunavyodhani. Gari likilalia tumbo, uzito wote uko kwenye nusu mita ya kwanza, pale tope linapoachia mfyonzo wake. Likishanyanyuka, ampea zinashuka sana. Anayevuta kidogo, akaachia, akaangalia kamba inavyojipanga kwenye ngoma, akavuta tena, huku injini ikiunguruma juu kidogo ya mwendo wake wa kupumzika, atamaliza kazi na betri bado inapiga stata. Wanaoua betri wana desturi zinazofanana. Wamezima injini ili kuokoa dizeli. Wameshikilia kitufe kana kwamba ni kengele ya mlango. Au wamevuta mara moja, wakatoka, wakakwama tena mita hamsini mbele na kuvuta palepale, wakati ampea-saa 10 zilizotoka zinahitaji kama dakika 20 za injini kuunguruma ndipo zirudi.

Wengine betri yao ilikuwa imekufa siku nyingi, ila ilikuwa haijaulizwa swali gumu. Betri iliyochoka inaweza kuwasha gari asubuhi ya Babati kwa miaka, kwa sababu stata inaihitaji sekunde mbili tu. Winchi inaihitaji kwa dakika, na hapo ndipo siri inatoka. Lawama inaiangukia winchi.

Halafu kuna waya. Winchi ya mbele, yenye mita mbili za waya kwenda na mbili kurudi, inataka waya wenye unene wa milimita za mraba 35 angalau. Nimeona gari lililofungiwa waya wa milimita 10 kwa jina la kubana matumizi. Kwa ampea 400 waya huo unakula karibu volti 3 kabla umeme haujafika kwenye mota, na unapokula unapata moto. Mota inayopewa volti 8 inavuta kinyonge, mwenyewe anaishikilia zaidi, betri inakwisha, na gereji nzima inakubaliana kwamba winchi za umeme ni mbovu.

Land Cruiser nyingi za dizeli zina nafasi ya betri ya pili chini ya boneti. Ijaze. Na kabla ya kulipia winchi yoyote, fungua boneti uhesabu volti: baadhi ya magari yaliyokuja yakiwa yametumika Japani ni ya volti 24, na winchi ya volti 12 ukiiunganisha humo itakuwa na maisha mafupi sana. Ya volti 24 kwa kazi ileile inakunywa nusu ya ampea, jambo ambalo mwenye gari la namna hiyo anapaswa kulifurahia.

"Haidroliki haichoki, unavuta kutwa."

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, kwa sababu sentensi hii ni kweli kwa winchi moja na uongo kwa nyingine, na zote mbili zinaitwa haidroliki.

Winchi yenye pampu yake, inayozungushwa na giaboksi au na mkanda wa injini, ikiwa na tangi la oili la lita nyingi na kipoza oili, kwa kweli haichoki. Ndiyo inayofungwa kwenye malori ya kuvuta magari, na dereva wake anaweza kufanya kazi asubuhi hadi jioni. Hakuna winchi ya umeme itakayomfuata. Mota ya umeme, na yale majiko mawili ndani yake, ikivuta mzigo mzito inataka kupumzishwa baada ya dakika moja au mbili, na muda wa kupoa ni mrefu kuliko wa kuvuta. Mwenye kazi ya kunasua magari ya watu kila siku asipoteze fedha kwenye umeme.

Lakini ile inayoazima oili ya stelingi haina tangi. Ina kikopo. Oili yote iliyomo kwenye mfumo wa stelingi haifiki lita mbili, na pampu ilibuniwa kwa kazi ya sekunde chache: unakata kona, imefanya kazi, unanyoosha, imepumzika. Ukiilazimisha isukume kwa presha ya juu robo saa, oili inachemka, inakuwa nyepesi, povu linaanza, sili zinakauka, na pampu inaanza kulia. Kilichochoka hapo hukioni kwa sababu kiko chini ya boneti. Winchi ya umeme ikichoka umepoteza winchi. Hii ikichoka umepoteza winchi na wepesi wa stelingi, na umebakiwa na mteremko wa Magara mbele yako. Gari litaendelea kukata kona, maana chuma cha stelingi bado kimeungana, ila mikono yako itajua.

Watu wananitajia jeshi la Marekani, kwamba lilifunga winchi za haidroliki za Mile Marker kwenye Humvee. Ni kweli. Jeshi pia lina mafundi wanaofuata nyuma na lori la spea. Kitu kinachofaa kwa msafara wenye karakana yake si lazima kimfae mtu na utingo wake mmoja nyuma ya Mwada saa mbili usiku.

Isiyochoka kweli ilikuwa ile ambayo siku hizi haitajwi kabisa: winchi ya giaboksi, inayozungushwa kwa shafti ndefu kutoka kwenye gia hadi bampa la mbele. Toyota ilikuwa inaifunga kiwandani kwenye baadhi ya Land Cruiser. Haikuhitaji ampea wala oili ya kuazima. Ilivuta kwa nguvu ya injini yenyewe, na mzigo ukizidi ilikata pini ndogo iliyowekwa makusudi ikatike. Ukikuta moja nzima kwenye gari la zamani la misheni au la serikali, na bei ni ya kibinadamu, achana na mjadala huu uichukue.

"Maji yakiingia, umeme umekwisha."

Winchi ya umeme haipendi maji, hilo sibishi. Maji yenye tope yakiingia kwenye boksi la solenoidi na kukaa, kutu inakula vituo vya umeme, na siku moja unabonyeza kitufe unasikia mlio mmoja tu. Za siku hizi zimezibwa vizuri zaidi kuliko za zamani, lakini "zimezibwa" ni neno la kwenye katoni. Ukitoka kwenye maji ifungue, ikaushe, ipake grisi. Kazi ya nusu saa.

Haidroliki inavuta ikiwa chini ya maji bila kujali, hiyo ni sifa yake halali. Tatizo ni kwamba inahitaji injini iwe hai. Sasa fikiria gari linavyokwama kwenye korongo mvua za mwezi wa tatu. Maji yanapanda, dereva anasita katikati, injini inameza maji au inazimika. Kuanzia sekunde hiyo haidroliki ni pambo la kilo arobaini. Winchi ya umeme, kama betri iko juu ya maji, ina mivuto kadhaa mifupi ya mwisho, na mivuto kadhaa mara nyingi inatosha kulisogeza gari kabla mto haujashuka kwa hasira kutoka mlimani. Kwa makorongo yetu, yanayojaa kwa saa moja na kukauka kesho yake, ningependa kuwa na kitu kinachofanya kazi injini ikiwa imekufa.

"Haidroliki huku haina fundi."

Mashabiki wa umeme wanaipenda hii, na wanaidhulumu Babati. Huu ni mkoa wa matrekta. Mashamba ya ngano ya Hanang yaliendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, na mashine za kuvunia zinajaa haidroliki. Kiru wanalima miwa, Magugu mpunga, Galapo mahindi na mbaazi. Kila trekta linalonyanyua jembe kwa mikono yake ya nyuma lina pampu, vali, silinda na mipira ya presha, na lina mtu anayejua kuvitengeneza. Mpira wa presha ukipasuka, fundi wa matrekta anajua pa kuupeleka ukabanwe kichwa kipya. Sili anazipima kwa kidole na kukutafutia inayofanana.

Anachokosa ni mota yenyewe ya winchi na vali yake ya kuelekeza oili. Zikifa hizo, unaagiza mbali na unasubiri. Kwa winchi za umeme za Kichina mambo ni tofauti: kaboni, solenoidi na rimoti vinapatikana Arusha, na fundi umeme yeyote anayetengeneza stata anaielewa mota yake, maana ni ndugu wa stata. Teknolojia yenyewe haina ugeni. Kampuni ya Warn ya Marekani ilianza kuuza winchi ya umeme kwa magari ya kiraia mwaka 1959, na ile yake maarufu ya 8274, yaani ratili 8,000 ya mwaka 1974, bado ina wapenzi.

Kwa hiyo umeme unashinda kwa spea. Kwa ufundi, hapana. Na kuna jambo moja linalomaliza ubishi kwa wenye magari mapya: Suzuki Jimny ya kuanzia 2018 na Land Cruiser 250 zina stelingi ya umeme. Pampu ya kuazima oili haipo kabisa.

"Chukua ya tani kumi na mbili uvute chochote."

Muuzaji anaposema "kumi na mbili" anasoma namba 12,000 iliyoandikwa kwenye katoni, na hizo ni ratili. Kwa kilo ni 5,400 na kidogo. Tani tano na nusu, si kumi na mbili. Nimesikia watu wakifunga biashara juu ya kosa hilo, pande zote mbili zikiamini.

Hata hizo tano na nusu ni za safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma. Kila safu inayojikunja juu ya nyingine inanenepesha ngoma na kupunguza nguvu, na ukifika safu ya nne unaweza kubaki na asilimia 60. Gari likikwama mita tano kutoka kwenye mti, ukafungua kamba mita tano tu, unavuta na winchi dhaifu kuliko uliyoilipia. Dawa ni kapi. Peleka kamba hadi kwenye mti, ipitishe kwenye kapi, irudishe ifungwe kwenye gari: nguvu inakaribia kuwa mara mbili, mwendo unakuwa nusu, na kwa kuwa umefungua kamba nyingi zaidi, umesogea pia karibu na safu za chini zenye nguvu. Winchi ya 9,500 yenye kapi inaishinda ya 12,000 isiyo nalo.

Kanuni ya kawaida ni uzito wa gari lililojaa mara moja na nusu. Land Cruiser yenye mzigo ina tani tatu hivi. Zidisha unapata nne na nusu. Miongozo ya kijeshi ya Marekani inasema tope likifika nusu ya gurudumu, upinzani unaweza kufika uzito wote wa gari, na likipanda hadi kwenye matao ya tairi, mara mbili yake. Hapo usiongeze winchi. Shika jembe kwanza, ondoa tope mbele ya magurudumu na chini ya difu, ndipo uvute.

"Ukiwa na winchi, umemaliza."

Winchi inavuta gari kuelekea kwenye kitu. Kitu hicho kiko wapi? Tambarare za kati ya Minjingu na Ziwa Manyara zina sehemu ambapo unaweza kugeuka pande zote nne usione hata mgunga mmoja ndani ya mita 100, na kamba yako ina mita 28. Watu wametumia mamilioni kubishana umeme na oili, kisha wamesimama mbugani na ndoano mkononi kama mvuvi asiye na maji.

Njia ya zamani inafanya kazi bado. Chimba shimo lenye kina cha mita moja, ukuta wa upande wa gari ukiwa umelala kuelekea nyuma, zika tairi la spea likiwa limesimama, funga mnyororo katikati ya rimu, chimba mfereji mwembamba wa mnyororo kutokea ili uvute kwa chini usilinyanyue tairi. Fukia, kanyagia. Kwenye udongo wa mbuga uliolowa kazi hiyo inachukua zaidi ya saa moja na utachafuka hadi masikioni, lakini udongo uleule uliokukamata unalikamata na tairi. Nanga za chuma za kupigiliwa zinauzwa, ila kwenye tope laini zinateleza.

Palipo na mti, tumia mkanda mpana. Waya wa chuma ukizungushwa moja kwa moja unakata gome, mti unakufa polepole, na masika ijayo utaukosa. Kuhusu waya wa chuma na kamba ya sintetiki sitasema mengi: waya unavumilia mawe na jua, kamba ni nyepesi na ikikatika hairuki kwa ukatili uleule. Ila kwenye winchi nyingi za umeme breki iko ndani ya ngoma, na ukishusha gari kwa kamba mteremko mrefu, joto la breki linaiyeyusha. Aina yoyote utakayochagua, waondoe watoto. Gari likikwama Magugu kijiji kizima kinakuja kuangalia, na wengi wanasimama sambamba na kamba, mahali pabaya kuliko pote. Tupia koti zito katikati ya kamba na uwarudishe nyuma kabla hujagusa kitufe.

"Kuna trekta kila kijiji, winchi ya nini?"

Dai hili nalipa heshima kuliko mengine. Lina mapungufu: trekta haliingii Tarangire usiku kukutoa na wageni wako, halifiki porini Simanjiro, na wiki ya kulima liko shambani likifanya kazi inayolipa zaidi yako. Dereva wake naye anapenda kufunga mnyororo kwenye bampa badala ya chasisi, na bampa linaondoka peke yake.

Lakini mtu ambaye gari lake haliachi lami ila kwenda shambani Galapo au Bonga, akikwama mara moja au mbili kwa masika, kwake winchi zote mbili ni fedha iliyolala. Awe na namba ya simu ya mwenye trekta, mkanda imara wa kuvutia, pingu mbili za chuma za kufungia kwenye chasisi, jeki ndefu, ubao mpana wa kuiwekea jeki isizame, na jembe. Vyote hivyo havifiki bei ya winchi ya umeme, na vinaenea nyuma ya kiti.